Ripoti ya Nyangate Kuhusu Kabare

Gari lenye kipaza sauti lilipita soko la Keumbu Ijumaa asubuhi, likatangaza kwamba kabare imefika Kisii mjini kwa wiki moja tu, likaenda zake. Soko zima likabaki na swali. Kabare ni nini? Muuza nyama alishikilia kwamba ni dawa mpya ya kupe, kwa sababu watu wa mifugo nao huja na kipaza sauti. Fundi wa baiskeli akasema ni ngoma ya Wazungu, yeye mwenyewe aliwahi kuiona Nakuru. Alipobanwa aeleze, akakiri kwamba aliiona kupitia dirisha, na mbele yake alikuwa amesimama mtu mrefu.

Hii ilikuwa Agosti mwaka wa 1969, pareto imechanua nyeupe mashambani. Kabla jua halijatua siku hiyo, habari ilifika kwenye kanisa dogo la Wasabato lililoko juu ya soko: waimbaji wanne wa kwaya walikuwa wamepanga kwenda kuiona hiyo kabare. Jumapili wazee wakakutana. Mwenyekiti wao, Mzee Abner, alitaka hao wanne waondolewe kwenye kwaya mara moja.

Karani wa kanisa alikuwa Nyangate, mke wa Mogire, mwanamke wa miaka arobaini na mmoja ambaye mwandiko wake ulikuwa mzuri kuliko wa mwalimu mkuu. Alikuwa ameshafungua kitabu cha kumbukumbu, penseli mkononi.

"Niandike wamekosa nini, mzee?" akauliza.

"Andika wanakwenda kabare."

"Nayo kabare ni nini? Mwaka ujao mtu akisoma kitabu hiki, ataelewa?"

Wazee wakatazamana. Hakuna aliyejua. Mzee Abner akasema, "Basi nenda wewe, mama Omwenga. Wewe una akili timamu na watoto wako ni wakubwa. Nenda siku moja, uangalie, uandike, urudi utuambie kama ni dhambi."

Jumatatu mchana Nyangate alipanda basi la Kisii akiwa na daftari jipya kwenye kikapu. Onyesho lilikuwa saa tisa, katika ukumbi wa hoteli moja nyuma ya soko, wenye viti vya chuma na pazia jekundu lililotiwa viraka. Alikaa safu ya tatu, akafunga kitambaa chake vizuri, akangoja dhambi itokee.

Kwanza alitokea mzee mmoja mwenye kodiani. Nyuma yake akaja mwanamke mnene wa makamo, Benter, ambaye ndiye aliyekuwa mkuu wa kundi, amevaa gauni la kumetameta na manyoya kichwani. Akaimba habari za mke anayengoja barua kutoka kwa mume aliyekwenda kuchuma chai Kericho. Nyangate alikuwa amekusudia kuandika "mapenzi ya dunia", lakini alipotazama daftari aliona ameandika maneno ya wimbo wenyewe, ubeti wa kwanza wote na nusu ya wa pili. Kisha akaja kijana aliyezungusha sahani juu ya fito. Nyangate akaandika: *Sahani nane. Haikuanguka hata moja. Sijui anafanyaje.*

Wa mwisho alikuwa mwanamume mwembamba ndani ya koti kubwa, jina lake Jeconia. Huyu hakuwa na kitu mkononi. Alisimama tu, akainua bega moja, na ghafla akawa utingo wa basi. Akatoa tumbo, akawa polisi. Kisha akachuchumaa, akawa muuza ndizi akigombana na mteja kwa Ekegusii, lugha ya huko. Ekegusii chake kilikuwa kibovu, maana alikuwa mtu wa ziwani, lakini muuza ndizi mwenyewe alikuwa kamili, hata namna ya kukung'uta leso. Watu walicheka mpaka viti vikalia. Nyangate aliandika neno moja, *vipi?*, akalipigia mstari mara mbili.

Kesho yake asubuhi alikutana na Mzee Abner njiani.

"Enhe?" akauliza mzee.

"Sijamaliza, mzee. Nasikia leo wanabadilisha."

"Wanabadilisha nini?"

"Hicho ndicho ninachokwenda kuona."

Mogire, mume wake, alikuwa mtu wa maneno machache. Alimuuliza tu atakula nini huko mjini, akamfungia ndizi mbili za kuchoma.

Jumatano ndipo jambo lilipotokea. Baada ya wimbo na sahani, Jeconia alipanda jukwaani akiburuta kiti. Akaketi, magoti pamoja. Akajifunga kichwani kitambaa ambacho hakikuwapo, akakikaza kisogoni. Akafungua daftari ambalo halikuwapo, akalamba ncha ya penseli, akatazama kushoto, akatazama kulia, akaandika haraka kama mtu anayeficha kitu. Akatabasamu, akajikumbuka, akaziba mdomo kwa kiganja. Na muda wote huo, chini ya kiti, mguu wake wa kulia ulikuwa ukigonga sakafu kufuata kodiani.

Ukumbi mzima uliangua kicheko. Nyangate naye alicheka. Alicheka kwa moyo wote, akigeuka nyuma kumtafuta huyo mwanamke ni nani, mpaka jirani yake alipomgusa kiwiko.

"Ni wewe, mama."

Alitazama chini. Mguu wake wa kulia ulikuwa bado unagonga.

Onyesho lilipokwisha hakwenda kituo cha basi. Alizunguka ukumbi hadi mlango wa nyuma, akamkuta Jeconia ameketi juu ya sanduku, anakunywa chai kwa kikombe cha bati.

"Wewe," alisema Nyangate, "umenicheka mbele ya watu."

Jeconia aliinuka, akavua kofia. "Nimekuiga, mama. Sikukucheka."

"Mimi sigongi mguu."

Jeconia alitazama kando kwa adabu, na Nyangate akaona kwamba kubishana hakutamfikisha mahali. Hasira aliyokuja nayo ilikuwa imepungua tangu pale kwenye kona ya jengo, na kilichobaki ni lile swali lililokuwa likimkera tangu Jumatatu.

"Uliniona saa ngapi?" aliuliza. "Taa zote ziko machoni pako."

"Watu wote wanatazama sura zetu. Wewe ulitazama mikono, kama mtu anayetaka kuiba kazi. Mtu wa namna hiyo lazima na mimi nimtazame."

"Haya, niambie. Unaanzaje?"

Jeconia alimsogezea sanduku lingine akae. "Wengi huanza na sauti, na hapo ndipo wanapokosea. Sauti ije mwisho. Mimi naanza na kile mtu anachofanya akidhani haonekani. Halafu lazima umpende kidogo. Ukimchukia mtu, mikono yako inadanganya, na watazamaji wanajua."

"Hata yule polisi unampenda?"

"Yule polisi ni mjomba wangu."

Nyangate alicheka bila kuziba mdomo. Kisha akauliza kama nyumbani kwao wanajua kazi yake. Jeconia akasema mama yake, Zilpa, ni Msabato wa siku nyingi kule ziwani, na hajakanyaga ukumbi hata siku moja. "Lakini nikienda nyumbani, ananiambia nimwige shangazi yangu. Anafunga mlango kwanza, ndipo anacheka."

Alhamisi Nyangate alikwenda na daftari, ila hakuandika kitu. Alitazama. Ijumaa, siku ya mwisho, Benter aliimba wimbo wa kubembeleza mtoto kwa Ekegusii, akakosea neno, na wanawake wa safu za mbele wakamsahihisha kwa sauti. Benter alisimamisha kodiani, akawaomba walirudie, akalitamka mara mbili tatu mpaka wakaridhika, kisha akaanza wimbo upya. Nyangate alilazimika kutoka kabla ya mwisho, kwa sababu Sabato huanza jua linapotua na basi halimngojei mtu. Akiwa barabarani bado alizisikia sauti za wanawake wote ukumbini, wakiimba pamoja na Benter.

Jumapili wazee saba walikutana katika chumba cha nyuma cha kanisa. Nyangate alisimama akasoma. "Sahani nane. Haikuanguka hata moja." Wazee wakangoja. "Bwana mwenye kodiani. Nyimbo: mke na barua, mtoto na usingizi." Alisikia mwenyewe jinsi maneno yalivyokuwa makavu.

"Huyo anayeiga watu," akauliza Mzee Angwenyi, mtunza hazina. "Anaiga vipi? Mimi sielewi."

Nyangate alijaribu kueleza, akashindwa, akaweka daftari mezani. Akachuchumaa, akakung'uta leso ya muuza ndizi. Wazee wawili wakakohoa kuficha kicheko.

"Lakini sisi huyo muuza ndizi hatumjui," alisema Angwenyi. "Iga mtu tunayemjua."

Hakupanga. Mikono ilitangulia. Alisimama wima, akasafisha koo mara tatu, akapapasa mfuko wa kushoto wa koti, kisha wa kulia, kisha wa ndani, akitafuta miwani. Halafu akagusa pua yake na kukuta miwani iko hapo hapo, akaipandisha taratibu na kusema, "Ndugu zangu, tufumbe macho."

Angwenyi akalaza kichwa juu ya meza akicheka mpaka machozi yakamtoka, na wengine wakamfuata. Mzee Abner hakucheka. Mkono wake ulikuwa tayari umeelekea mfuko wa kushoto. Aliukuta hapo katikati ya safari, akausimamisha.

"Ndivyo nilivyo?" aliuliza.

"Ndivyo, mzee."

"Tangu lini?"

"Tangu nikiwa msichana."

Sauti ya mzee haikuwa kali. Alisema ripoti haikutaja dhambi ambayo mtu angeweza kuipa jina, kwa hiyo wale wanne wabaki kwenye kwaya. Ila karani amemfanyia mzee mchezo ndani ya nyumba ya sala, kwa hiyo atampa mwingine kitabu kwa miezi mitatu. Nyangate alikikabidhi. Ilimuuma kidogo kukitoa mkononi, lakini hakuona kwamba ameonewa. Njiani kuteremka, Angwenyi alimfuata mbio mbio na kumsihi arudie ile ya miwani mara moja tu, hapo hapo kando ya shamba la pareto. Nyangate alikataa.

Habari ilikuwa imemtangulia nyumbani. Mogire alikuwa ameketi kibarazani akitengeneza kapu la kuchumia chai. Alimkaribisha, akampa maji, akarudia kapu lake. Kisha akasema, bila kuinua macho:

"Na mimi?"

"Wewe nini?"

"Mimi nikoje?"

Nyangate alisimama uani ili amwonyeshe. Akainua mabega, akayashusha. Akajaribu hatua moja, akasimama. Miaka ishirini na miwili amekaa na mtu huyu, na sasa hakujua hata anafunga lango kwa mkono upi.

"Tembea nikuone, baba Omwenga," alisema.

Mogire alicheka kwa aibu, lakini aliweka kapu chini. Akatembea hadi migomba, akageuka, akarudi.

"Rudia."

Akarudia. Safari hii Nyangate aliona kwamba goti la kushoto halikunjiki sawasawa, na kwamba akifika penye mteremko anashika shina la mgomba kana kwamba anakagua mkungu.

"Goti hilo limeanza lini?"

"Tangu mvua za mwaka jana. Niliteleza na kapu."

"Mbona hukuniambia?"

Mogire alifikiri kidogo, kwa uaminifu, kama mtu aliyeulizwa jambo ambalo hata yeye angependa kulijua. "Nilidhani halionekani," alisema.

Nyangate alivuta kigoda, akamketisha, akamkunja suruali mpaka juu ya goti, akainama kulitazama.