Aliyerukwa Mstarini

Kati ya kazi zote zilizojaa duniani, binti wa Fundi Gia akaenda kumpenda kinyozi. Mtu akisikia hapo lazima acheke, na karakana nzima ilicheka, kwa kujificha nyuma ya magari. Maana Fundi Gia alikuwa Singasinga kwelikweli: kilemba safi hata akiwa chini ya lori, bangili ya chuma mkononi, na nywele ambazo hazijawahi kuguswa na mkasi, kwani kwao nywele ni zawadi ya Mungu na hazikatwi. Yeye hakucheka. Harusini hakukanyaga, na jina la binti likapigwa marufuku nyumbani.

Kila Jumapili mzee huyu aligawa chapati gurudwara, nyumba yao ya ibada. Pale hupikwa chakula cha bure kwa yeyote anayeingia, awe wa dini yao au la, na wote huketi sakafuni kwa mstari mmoja, bega kwa bega. Walimu wao wa kale walipanga hivyo makusudi, ili tajiri na mfagiaji wale wakiwa kimo kimoja. Anayegawa huinama, anayepokea hukinga viganja viwili. Fundi Gia ndiye aliyemfundisha bintiye, angali mdogo, kubeba kikapu na kutomruka mtu yeyote.

Jumapili moja, akishuka na mstari, alikuta viganja anavyovijua. Binti alikuwa ameketi pale, mtandio kichwani, mimba yake kubwa.

"Baba," akasema taratibu.

Moyo wa mzee ulipiga paa, lakini kiburi kikamshinda. Akampita. Akampa chapati mama aliyefuata, akaendelea mbele kama vile pale palikuwa na nguzo. Aliporudi na kikapu cha pili, nafasi ilikuwa tupu.

Lo, alijuta! Wala si kesho yake. Alijuta kabla hajafika mwisho wa mstari. Angeweza kugeuka, mlango ulikuwa pale pale, na mwanamke mwenye mimba ile asingekuwa amefika mbali. Hakugeuka. Alimkosea mtoto, akaikosea na dini, vyote kwa mpigo mmoja. Baada ya hapo akawa anafungua gia na kusahau amezitoa kwenye gari gani.

"Mume wangu," mkewe akamwambia, "dawa ya hilo haiko karakana. Nenda ukamwone mwanao."

"Wiki ijayo," akajibu. Na wiki ijayo ikazaa wiki ijayo nyingine, maana aibu nayo ina miguu mizito.

Alipokwenda hatimaye, mjukuu alikuwa ameshaanza kutambaa. Akavua viatu mlangoni. Ndani mkeka ulikuwa umetandikwa, kinyozi ameketi chini na mtoto mapajani, sufuria katikati, chakula kinafuka moshi.

"Karibu, baba, umetukuta vizuri," kinyozi akasema, akasogea kumwachia nafasi. Hakuwa na kinyongo hata chembe, na hilo lilimuuma mzee kuliko tusi. Akaanza kuinama, magoti yakilalamika, yuko tayari kukinga viganja mbele ya wote na kuomba msamaha.

"Hapana, mzee," binti akasema. Sauti yake ilikuwa na adabu zote, kama ya mhudumu wa hoteli. Akaingia chumbani, akatoka na kiti na meza ndogo, akaviweka kule dirishani. "Mgeni hatumkalishi chini."

Akamnawisha mikono, akampakulia chakula cha moto, kingi, cha kutosha wawili. Kisha akarudi mkekani kwa mumewe na mwanawe, wakala pamoja. Mzee alikula kule juu ya kiti, peke yake. Kila sahani ilipopungua, binti aliinuka kumwongeza, na kila alipoongezwa mzee alisema asante, kama wageni wanavyosema.