Pezi la Mwani

Mwezi wa tisa ukielekea kuisha, kambi yetu ya ufukweni hapa Chałupy hubaki na karavani zilizofunikwa maturubai, na paka wa Mama Necel anayelala juu ya yoyote anayoitaka. Wageni wa Warsaw wamesharudi makazini. Treni hupita nyuma ya uzio na viti vitupu. Mimi sirudi popote kwa sababu hapa ndipo kwetu. Nilipoacha shule Bwana Necel, mwenye kambi, alinichukua, na kazi yangu ni kuziba mbao za tanga zilizopasuka, kunoa mapezi kwa msasa, na kuangalia maji. Hiyo ya mwisho hakuna aliyenipangia, ila ndiyo inayokula siku. Mtu anayejifunza kusimama juu ya ubao huku ameshika tanga hupeperushwa mbali akidhani anaendesha, na lazima awepo wa kumwona.

Viangazi viwili nililala karavani moja na Malwina. Yeye alikuwa akifundisha wageni. Kwao ni Opole, kusini kabisa, ambako bahari wanaiona kwenye kalenda, lakini juu ya ubao utafikiri alizaliwa amesimama. Mdomo wake haukuwa na breki. Asubuhi ya kwanza aliniamsha kwa kunivuta mguu: "We Otylia, unakoroma kama injini ya Necel! Amka, shosti, ukanipikie chai." Kabla yake sikuwahi kulala chumba kimoja na mtu asiye ndugu yangu. Nilizoea upesi. Nilizoea mpaka nikawa siwezi kusinzia akiwa bado nje.

Kwenye kibanda chetu mapezi yametundikwa ukutani kama visu vya buchani. Pezi ni ule ubapa unaofungwa kwa skrubu chini ya mkia wa ubao, na kwa kuwa likishaingia majini halionekani, wageni hawalifikirii. Bila hilo ubao unateleza kiubavu kama sabuni kwenye sinia. Refu na lililosimama wima ni la upepo mdogo na tanga kubwa: linashika maji, linakupeleka joshi, kule upepo unakotoka. Upepo ukichafuka ukabaki na hilo hilo, linaunyanyua ubao mpaka unarushwa. Hapo unataka fupi. Na fungu la mchanga likiwa karibu, refu halifai kabisa. Bwana mmoja mnene alililia pezi refu kama la mashindano, tukampa, akaenda kuchimba fungu zima akatua kwa pua. Bwana Necel alimpokea ufukweni akamwambia, "Umelima vizuri, bwana. Ungetupandia na viazi."

Halafu kuna pezi la mwani. Limelazwa nyuma kama sikio la farasi aliyekasirika, ili majani yanayoelea yateleze na kuanguka. Halina mbio na halipandi joshi vizuri. Watu wa mashindano wanalidharau, wanaliita pezi la wanafunzi.

Mashindano ya kufunga msimu yalikuwa Jumapili ya mwisho ya Septemba, mikondo miwili, yaani mbio mbili, asubuhi moja. Mwaka huo alikuja kocha wa timu moja kubwa ya Gdynia, na habari ikaenea haraka: msichana atakayeongoza atachukuliwa kwenda Uhispania na timu kwa kipindi chote cha baridi, chakula na malazi juu yao. Malwina alikuwa hali, hasemi lingine. Jioni alilala chali kwenye karavani akipanga safari kwa sauti, na mimi namsikiliza huku nasugua pezi lake refu, lile jekundu, mpaka ukingo wake ukawa laini kama kucha.

"Na nikishindwa," alisema siku moja, "nabaki hapa na wewe baridi nzima. Tutafanya kazi kwenye samaki wa moshi kule Władysławowo, tunuke heringi mpaka Pasaka."

"Umeahidi?"

"Nimeahidi. Lakini sishindwi, kwa hiyo usijitayarishe."

Mimi nikajitayarisha. Bwana na Mama Necel wananipa chumba cha juu wakati wa baridi, chini ya paa. Baridi ya hapa mtu akiwa peke yake si mchezo. Upepo unapiga pande zote mbili, maana nchi yenyewe ni ulimi wa mchanga tu, bahari huku na ghuba huku, na kuna siku neno pekee unalosikia ni la kondakta wa treni. Nilipandisha kitanda cha pili. Sikumwambia mtu.

Wiki ya mashindano tukiwa mezani, tunakula supu ya dengu, Mama Necel akasema huku anapakua, "Malwina, mwanangu, godoro lako nimelianika. Otylia amekipandisha kitanda peke yake ngazi zote zile, kama punda. Hata hakuomba msaada."

Bwana Necel akacheka, akanitazama, akaacha kucheka.

"Aha!" Malwina alinyanyua kijiko akanielekezea. "Kumbe shoga yangu ananiombea nishindwe!"

"Hapana," nikasema.

"Uso umekuwa mwekundu kama kiazisukari, mwoneni! Hapana nini?"

Wote wakacheka, na yeye akacheka, akaendelea kula. Lakini baada ya hapo nilimkuta mara kadhaa ananitazama nikiwa na pezi lake mkononi, kama mtu anayehesabu nguo zake kwa dobi.

Wiki nzima hiyo upepo wa kusini-magharibi ulivuma kwa hasira ukaung'oa mwani wa ghuba na kuulundika ufukweni kwetu. Ulifika magotini. Mimi na Bwana Necel tuliutoa kwa uma za shamba mpaka tukachoka, na harufu yake iliingia hata kwenye mkate. Jumamosi jioni upepo ukageuka, ukaanza kutoka kaskazini, upande wa nchi kavu. Asubuhi nilipotoka ufuo ulikuwa mweupe. Hakuna hata jani. Maji yametulia kama yamepigwa pasi, na waliokuja kushindana walikuwa wanapiga picha na kusifu.

Mimi sikusifu. Lundo lile halikuyeyuka. Maji yalikuwa yamepanda usiku, yakalinyanyua, na upepo wa kaskazini ukalisukuma ghubani. Lilikuwa huko huko yaliko maboya ya mashindano, mistari mirefu imelala kiganja kimoja chini ya uso wa maji. Ukiwa ufukweni jua linakudanganya, huoni kitu. Nilipanda ngazi ya kibanda nikaona michirizi, rangi ya chai ya jana.

Nikachukua pezi la mwani na bisibisi nikamfuata Malwina. Alikuwa anavaa suti yake ya mpira, ameshaugeuza ubao, pezi jekundu liko juu linang'aa.

"Weka hili," nikasema.

"La wanafunzi? Leo? Otylia, upepo wa kati, maji kama kioo. Kama kuna siku pezi refu liliumbiwa, ni hii."

"Mwani umetoka."

"Naona umetoka. Ufuo msafi."

"Ndiyo hivyo. Huku ukitoka, kule umeingia. Panda ngazi uone mwenyewe."

"Msichana gani mwingine ameweka la mwani?"

Nilimwonyesha mmoja, mfupi, aliyekulia Puck ng'ambo ya ghuba. Alikuwa amechuchumaa peke yake anakaza skrubu, na pezi lake limelala nyuma.

"Yule? Yule hajawahi kushinda hata bahati nasibu." Alifunga zipu mpaka shingoni. Kisha akasogea karibu, sauti ikashuka. "Sema kweli. Kama kitanda kile kisingekuwepo kule juu, bado ungekuja kuniambia hivi?"

Nikanyamaza.

Haikuwa muda mrefu. Mtu angevuta pumzi moja tu. Nilikuwa nataka kuwa na hakika kabla sijajibu, ndiyo tabia yangu, hata ukiniuliza kama mlango umefungwa nitakwenda kushika kitasa.

"Ningekuja," nikasema.

Lakini alikuwa ameshainama kuchukua tanga lake. "Sawa," alisema. "Nimekusikia." Akaenda na pezi jekundu.

Honi ikalia. Mkondo wa kwanza aliondoka kama jiwe la manati. Ningetamani ungemwona: ubao umenyanyuka, unagusa maji kwa mkia tu, yeye ameegemea nyuma mgongo karibu na maji, wenzake wanamtazama kisogo. Alifika boya la kwanza peke yake. Bwana Necel, aliyesimama pembeni yangu na darubini, alisema, "Huyo ameenda Uhispania, binti."

Kisha akaingia kwenye mchirizi. Mkia ukazama. Tanga bado limejaa upepo na yeye bado ameegemea, ila ubao ulikuwa unavuta kama umefungwa kamba na mtu aliye chini. Akarudi nyuma, akaruka juu ya mkia kulitikisa, mwani ukaachia, akachukua mwendo. Ukamshika tena. Mara ya tatu ubao ulichomoka kiubavu akaanguka. Wengi walianguka. Yule mfupi wa Puck akapita katikati yao, taratibu, hana haraka, kama mtu anayekwenda dukani.

Malwina alirudi ufukweni nyuma kabisa ya walioongoza. Lakini mkondo mmoja ulikuwa umebaki. Akishinda huo bado angeweza, kocha mwenyewe alikuwa amesema ataangalia yote miwili. Niliingia majini mpaka kiunoni, pezi mkono mmoja, bisibisi mkono mwingine. Skrubu moja tu. Kazi ya kumaliza kabla hajashusha pumzi.

"Upepo umekata pale kati," alisema, meno yakigongana.

Nikageuza ubao. Pezi jekundu lilikuwa limevaa mwani kama nywele za maiti, rundo zima, linachuruzika.

"Huu ndio upepo?" nikauliza.

Nilitaka iwe mzaha, kama tulivyokuwa tukitaniana. Haikutoka hivyo. Aliutazama mwani, akanitazama mimi, na nikaona kitu ambacho mpaka leo sikijui jina. Alinitazama kama mimi ndiye niliyekwenda kuuweka.

"Malwina, bado unaweza. Nipe mkia."

Alinyoosha mkono akaung'oa mwani kwa ngumi, akautupa. "Pisha," alisema.

"Unaona mwenyewe kwamba…"

"Naona. Pisha, Otylia."

Akapanda. Mkondo wa pili sikuutazama wote. Nilibaki nimesimama majini, pezi mkononi, mpaka miguu haikuwa yangu tena, na Bwana Necel akaja kunitoa kwa kunishika bega.

Kocha alimpa mkono yule mfupi wa Puck. Watu walipiga makofi, wakaenda kwenye supu. Malwina alipita mbele yangu amebeba ubao kichwani, maji yanamtiririka usoni.

"Haya," alisema. "Umenipata."

Alibaki, kama alivyoahidi. Nadhani aliona aibu kurudi Opole baada ya kuwatangazia wote kwao habari ya Uhispania. Alipanda ngazi na begi lake, akasema kitanda ni kizuri, akauliza shuka ziko wapi. Asubuhi tulichukua treni pamoja kwenda kwenye kiwanda cha samaki, jioni tukarudi pamoja. Hakunigombeza hata siku moja. Ndilo lililoniumiza. Alikuwa anasema "asante" nikimpa chai. Anasema "samahani" akipita kati ya vitanda. Usiku alilala kimya, na nikikoroma hakuvuta mguu wangu. Mama Necel alisema baridi imemtuliza yule mtoto, amekuwa na adabu. Mimi nilikuwa nalala nikimsikiliza anavyopumua, na upepo unavyopiga paa huku na huku. Mwaka uliotangulia, nilipokuwa peke yangu chumbani humo, angalau nilikuwa naongea kwa sauti.

Siku chache kabla ya Krismasi tulikuwa tumesimama bega kwa bega mezani kiwandani, tunatoa matumbo ya heringi, glavu za mpira mpaka viwikoni. Redio ilikuwa inataja hali ya hewa ya baharini.

"Nikuulize," alisema bila kugeuka. "Siku ile. Nilipokuuliza habari ya kitanda, ulinyamaza. Kwa nini?"

Nilikuwa nimeshatengeneza majibu mengi tangu Septemba. Nikayaacha yote.

"Nilikuwa naangalia kama ni kweli," nikasema. "Nilijiuliza na mimi, hivi ningekuja? Nikaona ningekuja. Ndiyo nikakujibu."

"Yaani ilibidi uangalie."

"Ndiyo."

"Mtu mwingine angesema ndiyo pale pale."

"Angesema."

"Hata kama ni uongo."

"Hata kama ni uongo."

Alicheka kidogo, kwa pua. Nikashika kisu nikangoja anitukane. Tusi lolote ningelipokea, punda, kiazisukari, injini ya Necel. Alitoa samaki mwingine kwenye beseni, akampasua, akamweka upande wa waliokwisha.

"Mama amenipatia kazi dukani huko nyumbani," alisema. "Krismasi ikipita naenda."

"Sawa."

"Utamwambia Mama Necel?"

"Nitamwambia."

Mtangazaji akasema ghuba itaanza kuganda wiki ijayo. Malwina akanyoosha mkono mbele yangu kuchukua chumvi.

"Samahani," alisema.

Nikasogea kumpisha.