Leleshwa za Bweni la Tatu

Shuleni kwetu, chini ya mlima Hanang, kulikuwa na sheria iliyoogopwa kuliko kiboko. Kila bweni lilitunza bustani mbele ya mlango wake. Mwisho wa kiangazi Memsabu, mke wa Bwana Shauri, yule Mzungu mkuu wa wilaya, alikuja kutoka Mbulu kuzikagua, na bweni lililoshika mkia lilichota maji ya mawaridi ya Hedimasta, kutoka kisimani hadi nyumbani kwake, mpaka mvua inyeshe. Na mvua ya kwetu haina haraka.

Bweni la Tatu tulishika mkia kila mwaka. Mabega yangu, mimi Yahaya, mtoto wa muuza chumvi wa Katesh, yalianza kufanana na ya punda wa baba. Ndipo nilipowahutubia wenzangu kwa huzuni inayostahili.

"Ndugu zangu, tupande kitu kisichokunywa."

"Jiwe," alisema Nikolausi.

"Leleshwa, kile kichaka cha mbugani."

Gidabuday, ambaye kwao ni wafugaji wa Kimang'ati wa Dirma, alicheka mpaka akakaa chini. "Leleshwa ni ya kwapani, wewe. Kaka zangu hubana majani yake wakienda ngomani, wasichana wasiwakimbie. Nani analima ya kwapani?"

Tulilima. Masika tuling'oa machipukizi na mizizi yake huko mbugani, tukayapanda katika mashimo yenye samadi, tukapanga mawe kuzunguka mashina ili unyevu usitoroke. Tuliyanywesha maji ya kunawia uso, tena ya wale walionawa. Mwaka ule yalikuwa vijiti tu, tukachota maji kama desturi. Kiangazi kilichofuata vichaka vilitufika kifuani, majani yana rangi ya majivu, na ukiyafikicha mkono unanukia kama sanduku la nguo za Idi.

"Mmeleta pori shuleni," alisema Joakimu, kiranja wa Bweni la Kwanza. "Bado ng'ombe tu."

Ng'ombe hawakuja. Alikuja mwenye ng'ombe. Siku moja kabla ya ukaguzi tulitoka darasani tukamkuta mama yake Gidabuday, aliyemletea mwanawe maziwa. Amekaa bustanini mwetu, kisu mkononi, anafukiza kibuyu chake kwa kuni za leleshwa. Vichaka vya mbele vilikuwa vimebaki magotini, na majani yamelundikana pembeni.

"Shikamoo, mama," alisema Gidabuday kwa sauti ya msibani.

"Marahaba. Kumbe hii shule inawafundisha kitu."

"Mama, hizi ni za mashindano."

"Mashindano ya nani ananukia?"

Mtoto wa Kimang'ati hamgombezi mama yake kwa sababu ya jani. Joakimu alipita na ndoo yake ya kumwagilia. "Poleni," alisema. "Ndoo za Hedimasta mnajua zilipo."

Lakini swali la mama lilikuwa limeniingia. Jioni tulikata vichaka vyote vilingane, tukatandaza nusu ya majani njiani. Nusu nyingine niliigawa, kila mtu makwapa yake mawili.

Kesho yake jua lilikuwa kali. Bweni la Kwanza walichota maji tangu alfajiri. Mawaridi yao yaling'aa, nao walijipanga pembeni wakichuruzika jasho. Memsabu aliinama anuse ua, akainuka upesi, akajiziba pua kwa kitambaa. Bweni la Pili hakuinama kabisa. Kwetu alikanyaga majani, akasimama, akavuta pumzi kama mtu aliyetolewa guniani.

"Nini inanukia hivi?"

"Bustani, Memsabu," nilijibu, mikono nimeibana sana.

Tulishinda. Bweni la Kwanza, ambako Memsabu alijiziba pua, likashika mkia.

"Poleni," nilimwambia Joakimu. "Ndoo mnajua zilipo."

Wakati huohuo Memsabu alikuwa akiuliza miti hii inakunywa maji kiasi gani.

"Ya kunawia uso tu," alijibu Gidabuday, kwa fahari.

Hedimasta, aliyefuatana naye, aliwaza. Jumatatu mawaridi yake yaling'olewa, leleshwa zichukue nafasi, na kazi ya kuchota maji ikafutwa. Mashimo yachimbwe sasa, alisema, kabla ya mvua, na wataalamu ni Bweni la Tatu.

Ardhi ilikuwa ngumu kama sakafu. Joakimu alikuja kutazama, mikono mitupu.

"Poleni," alisema.