Nyumba ya Zamani za Mjerumani

"Usibadilishe nguo, mama," Stanislausi alisema. "Hizo hizo. Ni za zamani za Mjerumani kabisa."

Vijana aliowaleta kutoka Bweri, waliovishwa kofia za askari kwa ajili ya filamu, wakacheka. Eufrasia aliitazama kanga yake. Aliinunua mwaka juzi, pamba ilipokuwa bado na mnunuzi.

Kijijini, nje kidogo ya Butiama, zilibaki nyumba mbili za nyasi: yake, na ya jirani yake Mhoja, nyuma ya mawe. Ndiyo maana gari lilisimama hapa. Stanislausi alitengeneza filamu za historia miaka kumi na nane, akiwa ameajiriwa na serikali. Serikali ilipompunguza kazini, akanunua kamera ya video na kumpata mfadhili, tajiri wa Bunda. Aliyemwahidi Eufrasia ni Boniphace, mtendaji wa kijiji: bati ishirini kabla ya masika, na nyumba itafukizwa moshi tu.

"Moshi tu?" Eufrasia aliuliza tena.

"Mbona unauliza kama polisi? Si uliweka dole gumba?" Boniphace alisema.

Askari mmoja alipita na mwenge, akauchomeka kwenye paa.

Eufrasia alingoja wazime. Hakuna aliyebeba maji. Mtungi wake ulikuwa ndani, pamoja na debe la mtama, kitanda, na picha ya marehemu mumewe. Alipoelewa, alipiga yowe, akakimbilia mlangoni. Askari wawili wakamdaka, kama walivyoelekezwa asubuhi.

Paa likaporomoka. Stanislausi alirudisha mkanda nyuma, akachungulia.

"Fala gani huyu kasimama mbele ya mama? Naona mgongo mtupu." Akamgeukia Eufrasia. "Kilio kilikuwa kizuri sana, mama. Rudia. Moshi bado upo."

Eufrasia alikuwa amekaa chini.

"Mimi nalalaga humo," alisema.

"Sema hivyo hivyo, ila ulie."

Macho yalikuwa makavu. Boniphace alichuchumaa karibu yake.

"Lia, mama. Bati zinatoka kazi ikikamilika."

"Mpakeni kitunguu," kijana mmoja alisema.

"Kiko wapi?"

Eufrasia alionyesha majivu kwa kidevu. Boniphace akachokoa kwa fimbo, akatoa kimoja cheusi, akakipasua. Kilikuwa kimeiva. Stanislausi alikinusa, akakitupa.

"Kuna nyingine ya nyasi?"

"Ya Mhoja, nyuma ya mawe. Nimeshamwambia tunaweza kufika. Ana watoto wadogo, huyo atalia vizuri."

"Safari hii askari wakae pembeni."

Wakabeba kamera. Eufrasia akainuka nusu, akafungua mdomo.

"Bati zako, mama," Boniphace alisema, bila kugeuka.

Eufrasia akakaa. Katika mwanya wa mawe alimwona Mhoja akifuta vigoda kwa upindo wa kanga, akiwaita wanawe waje wawaamkie wageni.