Boksi la Magodoro

Kaka mtu alipoongeza kimo cha boksi la lori lake, fundi bodi alimuunga mkono: magodoro ni mepesi, yapandishe hadi mbinguni, mizani haitasema neno. Ndivyo walivyofikiri wote kwenye biashara ile. Waliogopa uzito tu, kana kwamba gari halina adui mwingine duniani.

Mdogo wake, dereva wa lori hilo, ndiye aliyejua ubaya wa wepesi. Ubavu ule mrefu, bapa kama ukuta, ukipigwa na upepo wa kando kwenye daraja la mto lililokuwa njiani, gari lilisukumwa kuelekea ukingoni na matairi ya upande mmoja yakaanza kuiachia lami. Kwa hiyo upepo ulipovuma aliegesha nyuma ya kilima, akangoja utulie. Wenye maduka wakachoka kungoja naye. Kaka mtu akamnyang'anya ufunguo mbele ya wapakizi.

"Wewe mwoga, lakini mwanao si mwoga," alisema, akamkabidhi kijana huyo, mwenye leseni mpya.

Dereva alilala na kinyongo chake. Asubuhi mwanawe alimkuta uani akifua ovaroli ambayo hakuwa tena na kazi nayo.

"Baba, pale darajani upepo ukizidi nifanyeje?"

Jibu alikuwa nalo, neno moja tu: ngoja. Lakini hasira hasara, na yake ilikuwa bado ya moto.

"Kamuulize baba yako mkubwa. Si ndiye anayejua magari?"

Kijana alicheka kwa aibu, akaenda zake.

Mchana ule ule upepo ulililaza lori ubavu, likavunja kingo za daraja na kutumbukia mtoni. Kijana walimtoa amekwisha kufa.

Msibani, sebule ikiwa imejaa ndugu, mama wa marehemu alimgeukia mumewe. Macho yalikuwa yamemvimba.

"Aliniaga akasema anakuja kukuuliza habari za upepo. Ulimwambiaje?"

Kaka mtu akainua kichwa.

"Nilimwambia angoje nyuma ya kilima," dereva alisema.

Mama akalia upya, safari hii kwa uchungu wa kumlaumu mtoto. "Kwa hiyo mwanangu kafa kwa ukaidi wake."

Kaka mtu akashusha pumzi ndefu. "Asiyesikia la mkuu," akasema polepole, na sebule nzima ikammalizia, "huvunjika guu."

Baba mtu naye aliitikia, kwa sauti ya kusikika.