Difu ya Sahani

Makrina Tarimo alipohamishiwa Ruangwa mwaka 2005 kufanya kazi maabara, hakukubali kuliuza gari lake, Toyota Chaser yenye tabo ya kuongeza nguvu ya injini. Alipanga nyumba Nachingwea, akawa anakwenda na kurudi kila siku. Masika ilipoingia, gari lile lenye nguvu likawa linashindwa na dimbwi moja pale Naipingo. Tairi moja la nyuma lilizunguka bure, la pili likatulia kama halihusiki.

Kila lilipokwama, Bi Hafidha, mkulima wa korosho aliyekaa kando ya barabara, aliwaita wanawe walisukume, kisha akamletea Makrina maji ya kunawa miguu. Walizungumza kidogo. Siku nyingine hayo ndiyo yalikuwa mazungumzo yake pekee nje ya kazi.

Dismas, kaka yake Makrina, akamtumia kutoka Dar difu mbili za mtumba, zile gia za ekseli zinazogawa nguvu kwa matairi ya nyuma, achague moja. Fundi Masoudi alizilaza juu ya gunia, akamweleza kwamba zote mbili huzuia tairi moja lisile nguvu yote. Ya gia ni kimya, lakini tairi likining'inia shimoni haisaidii sana. Ya sahani, yenye visahani vya chuma vinavyokandamizana ndani, hubana hata hapo, ila inataka oili yake maalumu, na kwenye kona kali hugonga na kunguruma.

"Wewe ungefunga ipi, fundi?"

"Inategemea, dada. Abiria hawaipendi ile kelele. Pembeni yako hukaa nani?"

"Hakai mtu," Makrina alisema. " Funga ya sahani."

Wiki hiyo mvua ilinyesha siku tatu mfululizo. Pale dimbwini alikanyaga mafuta taratibu, nyuma kukagonga, matairi yote mawili yakashika, akatoka. Alifurahi, mpaka alipomwona kwenye kioo Bi Hafidha amesimama mlangoni na ndoo. Alipunga mkono, akaendelea. Nyumbani alifika jua bado lipo, akakaa jikoni asijue la kufanya na muda ule wote.

Ikawa hivyo siku tisa. Siku ya kumi alivuka dimbwi, akaegesha, akarudi kwa miguu.

"Limekwama wapi leo?" Bi Hafidha aliuliza.

"Halijakwama, mama."

Bi Hafidha alisogea mkekani kumpa nafasi. Kisha akamsukumia ungo wa majani ya kunde, wakaanza kuchambua.