Kiwanja cha Nesi

Mume wangu ni kinyozi, na mteja akishakaa kwenye kiti chake hana pa kukimbilia, lazima afundishwe maisha. Mwaka jana somo lilikuwa moja tu: madalali. "Dalali wa nini? Kwani mimi sina mdomo?" Mdomo anao jamani, hilo sikatai.

Basi alipoona kibao kwenye geti la watu, "Kiwanja kinauzwa, mwenyewe yupo ndani", alirudi nyumbani anahema. Mwenyewe alikuwa nesi mstaafu, mjane, aliyeamua kukata nusu ya uwanja wake auze. Na haki yake nimpe, mume wangu alihangaika. Alikwenda ofisi ya ardhi mara tatu, akahakikisha hati ni ya yule mama na haina rehani. Akazungukia majirani kuulizia mipaka. Ikabaki bei, na kwenye bei ndipo anapojiona profesa.

"Kesho tunakwenda wote," akaniambia. "Ila ukifika usionyeshe umekipenda. Nuna."

"Ninune?"

"Nuna kabisa. Kama umeburutwa."

Mimi ni fundi cherehani. Tumepanga vyumba viwili miaka kumi na moja, na nikitaka kukata kitambaa watoto lazima wapande kitandani ndipo sakafu ipatikane. Kiwanja kile nilikitaka mpaka nakiota usiku. Lakini nikasema sawa, nitanuna.

Nesi akatufungulia geti, akatutembeza. Lo! Nyasi zimefyekwa vizuri, pembeni kuna mfereji wa maji ya mvua uliojengewa mawe, na upande mmoja jua la asubuhi linaingia bila kizuizi. Papo hapo nikaona dirisha la chumba changu cha kushonea litakaa wapi. Nikakunja uso hadi mashavu yakaniuma.

Mume wangu akaanza. "Mh! Kumbe kinateremka hivi?"

Nesi akaendelea kututembeza.

"Na udongo huu, mama, si utapasua kuta? Halafu huu mfereji, nani kauchimba ovyo ovyo namna hii?"

"Mimi," akasema nesi. "Niliuchimba mwaka aliofariki mume wangu. Nilikuwa siwezi kukaa bure."

Mwanamume mwingine angeishia hapo, akasema pole. Wangu, wapi! Akasema ataufukia. Maneno kama hayo ukimwambia dalali anacheka tu, maana uwanja si wake. Huyu mama kila neno lilimwingia mwenyewe, nami nilimwona likimwingia.

"Baba, nenda salama," akasema taratibu. "Mimi sina haraka ya kuuza. Atakayenunua hapa nitakaa naye mpaka nizikwe. Sasa kila siku nisalimiane na mtu anayekichukia alichonunua, ya nini?"

Akageuka kwenda kutufungulia geti tutoke. Nikaona dirisha langu linaondoka hivi hivi, kwa ujuaji wa mtu mmoja. Uvumilivu ukanishinda.

"Mama, mimi nimekipenda!" nikapayuka. Mume akanifinya kiwiko. Nikauchomoa mkono. "Nimekipenda tangu getini. Na mfereji ni mzuri, usifukiwe. Nimenuna kwa sababu nimeambiwa ninune!"

"Nani kakwambia?"

Nikamwonyesha kwa kidevu. Siku hiyo sikuwa na aibu hata chembe. Nesi alicheka mpaka akaegemea geti.

"Haya, mwanangu. Bei ni ile niliyomtajia mumeo, sishuki. Na kwenye mkataba litaandikwa jina lako, wewe uliyekipenda. Huyu bwana akitaka, aje awe shahidi."

Njia nzima mume wangu alinitangulia hatua kumi. Nikajua nimeharibu. Kwetu kila karatasi ina jina lake, mkataba wa kupanga, risiti ya umeme, hata ya cherehani ninayoshonea. Na akiba ile tumeiweka wote, bila yeye hakuna kiwanja. Siku tatu alinyoa watu kimya kimya, hadi wateja wakaniuliza kama anaumwa.

Siku ya nne asubuhi akatoka chumbani amevaa shati lake la harusini. "Fanya haraka," akasema, "tusimcheleweshe wakili."

Ofisi ya wakili ilikuwa ndogo, mafaili yamefika dirishani. Nesi alikuwa amewahi, kaketi na hati yake mapajani. Wakili akaandika jina la muuzaji, akaandika jina langu, akanipa kalamu. Kisha akamtazama mume wangu juu ya miwani.

"Na wewe, bwana, unaingia kama nani hapa?"

Mume wangu akakohoa. Akanitazama, akamtazama nesi, akavuta shati likae vizuri.

"Mimi," akasema, "ni mume wa mwenye kiwanja."

Ilibidi wakili anisubiri kwanza nifute macho, ndipo nikasaini.